Redio ya Dijitali na Mwingiliano Katika FM

Walimu wengi hutumia redio kufundishia ufahamu wa kusikiliza. Ni vyema basi tuelewe jinsi matangazo ya dijitali yanavyoweza kuharibu sauti ya kituo jirani cha FM.

Kituo cha FM hakikai kwenye nukta moja ya masafa. Mawimbi yake hutapakaa takriban kilohezi 100 kila upande. Katika mfumo wa HD Radio, ulioidhinishwa Marekani mwaka 2002, kituo huendelea kurusha FM ya kawaida na kuongeza vipande viwili vya dijitali, kimoja kila upande, kuanzia kilohezi 129 hadi 198 kutoka katikati. Hivyo huingia katika eneo la kituo kilicho umbali wa kilohezi 200. Mwanzoni nguvu ya dijitali ilikuwa asilimia 1 ya ile ya FM. Mwaka 2010 baadhi ya vituo viliruhusiwa kufikia hadi asilimia 10. Redio ya kawaida haiwezi kusoma dijitali. Huitoa kama mvumo wa "shhh".

Tupige hesabu ya Kampala. Sanyu FM iko 88.2 na Super FM 88.5. Iwapo zote mbili zingetumia mfumo huo, kipande cha juu cha Sanyu kingeanzia 88.329 hadi 88.398, na cha chini cha Super 88.302 hadi 88.371. Vingepandana. Msikilizaji wa Ntinda, asiye mbali na minara ya Kololo, angepata shida zaidi kila anapotafuta kituo dhaifu kilicho kando ya chenye nguvu.

Kwa somo letu hasara ni kubwa, kwani mvumo huo hufunika kwanza sauti za s, sh, f na th. Mwanafunzi husikia "sindano" mahali pa "shindano".

Hata hivyo, si kila redio ya dijitali ina kasoro hii. Mfumo wa DAB hutumia megahezi 174 hadi 240, mbali na FM. Nchini Uganda, uhamaji wa mwaka 2015 ulihusu televisheni, si redio. Uchaguzi wa mfumo una uzito wake.

Mwalimu, kabla ya kumkosoa mwanafunzi katika imla ya redio, rekebisha antena, sogeza redio, kisha sikiliza mwenyewe. Huenda sikio lake ni zima.