Jicho linalosumbuliwa na joto lake lenyewe

Tarehe 15 Mei 2009, heliamu ya kimiminika iliisha ndani ya Spitzer, darubini ya infraredi ya NASA iliyorushwa angani mwaka 2003. Heliamu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiipoza hadi karibu nyuzi 271 za Sentigredi chini ya sifuri. Ilipokwisha, joto lilipanda hadi takriban nyuzi 242 chini ya sifuri, baridi isiyopatikana kiasili popote juu ya uso wa dunia. Kwa vitambuzi vingi vya darubini ile hilo lilikuwa joto kali mno, na vikaacha kufanya kazi. Vilivyobaki ni vile vya mawimbi mafupi, ya mikromita 3.6 na 4.5, vikaendelea hadi Januari 2020.

Sababu iko kwenye nishati. Mwili wa binadamu hutoa miali ya infraredi kwa wingi kwenye urefu wa mawimbi wa mikromita 9 hadi 10. Fotoni moja ya mwali huo ina nishati ndogo, mara tano hivi tu ya ile ambayo joto la kawaida la chumba huipa kila elektroni. Kwa hiyo kitambuzi kisichopozwa hutoa umeme hata kikifunikwa gubigubi. Wataalamu huuita mkondo wa gizani. Kukitumia ni kama kusikiliza mnong'ono katikati ya soko. Ndiyo maana aloi ya zebaki, kadimiamu na teluriamu, iliyobuniwa Malvern, Uingereza, mwaka 1959, hupozwa hadi karibu nyuzi 196 chini ya sifuri inapotumika kwenye vitambuzi vya mawimbi hayo marefu. Mtambo wa kupoza una uzito, unakula umeme na unapandisha bei. Kamera yenye mtambo kama huo haimfikii daktari wa wilayani kirahisi.

Hapo ndipo nukta za kwanta zinapoleta matumaini. Ni chembe za nanomita chache, hutengenezwa ndani ya chupa ya maabara na kupakwa kama wino. Ukubwa wa chembe ndio unaoamua itanasa mwali gani. Lakini baridi haizifai moja kwa moja. Elektroni hupita kwenye tabaka la nukta kwa kuruka kutoka chembe moja hadi nyingine, na mruko huo huhitaji msukumo wa joto. Ukipoza, mkondo wa gizani unapungua, ila ishara yenyewe nayo inaanza kukwama njiani.

Salfaidi ya risasi, inayotumika kutengeneza nukta hizo, ina tabia nyingine ya kushangaza. Pengo lake la nishati, yaani nishati ndogo kabisa inayohitajika kuifungua elektroni ipitishe umeme, husinyaa kwenye baridi, kinyume cha silikoni: kutoka elektronivolti 0.41 kwenye joto la chumba hadi kama 0.29 karibu na sifuri halisi. Maana yake, kikipozwa, kitambuzi huanza kuona mawimbi marefu zaidi. Kadiri nukta inavyokuwa ndogo, ndivyo badiliko hilo linavyopungua.

Nukta hizo zimeunganishwa pia na grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja, lililotengwa Manchester mwaka 2004. Elektroni hukimbia ndani yake kwa kasi kubwa, lakini linafyonza asilimia 2.3 tu ya mwanga. Mwaka 2012 watafiti wa taasisi ya ICFO, karibu na Barcelona, walilipaka nukta za salfaidi ya risasi. Nukta zinanasa mwanga. Chaji moja inaingia kwenye grafini, nyingine inabaki imenaswa. Muda wote ikiwa imenaswa, elektroni nyingi hupita, hadi milioni 100 kwa fotoni moja. Kwa kawaida baridi huirefushia kifungo chaji hiyo: ishara inakua, ila kitambuzi kinachelewa kusahau kilichokiona. Tena grafini haina pengo la nishati, hivyo hupitisha umeme gizani hata ikipozwa vipi.

Kwangu mimi, sifa ya kitambuzi isiyotaja kilipimwa kwenye joto gani haijakamilika. Mwaka 2017 ICFO ilionyesha kamera ya aina hii yenye pikseli 388 kwa 288, inayofanya kazi bila kupozwa hadi mikromita 2. Kutoka hapo hadi mikromita 10 fotoni hupoteza sehemu nne kati ya tano za nishati yake, na huko ndiko vitambuzi vya aina hii bado vinahitaji mtambo wa kupoza.