HOFU YA TAKWIMU VYUONI: INATOKA WAPI, NA TUFANYE NINI?

Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, inajulikana kwa hospitali yake ya magonjwa ya akili. Ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Leo tunaeleza jambo lisilo ugonjwa wa akili, lakini linalowasumbua vijana wengi wanaotoka vijijini kwetu kwenda vyuoni: hofu ya takwimu.

Chanzo chake

Wanafunzi wengi wa sosholojia, ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii huchagua masomo hayo wakidhani wameagana na hesabu. Si ajabu. Katika mitihani ya kidato cha nne ya mwaka 2023 na 2024, ni kama robo tu ya watahiniwa waliofaulu Hisabati. Wakifika chuoni wanaikuta takwimu ikiwasubiri, na ripoti ya utafiti nayo inaidai.

Mwaka 1985 watafiti Cruise, Cash na Bolton walitoa dodoso la kupima hofu hiyo. Linagusa mambo sita: kuona takwimu haina faida, hofu ya kutafsiri majibu, hofu ya mtihani na darasa, kujiona huwezi kukokotoa, hofu ya kuomba msaada, na hofu ya mwalimu mwenyewe. Utaona kwamba hesabu zenyewe ni sehemu ndogo tu ya tatizo.

Inavyofanya kazi

Mtu akiwa na hofu, nafasi ya akilini inayotakiwa kushika namba hujaa wazo la "nitafeli". Hukosea hata analolijua. Kisha huanza kukwepa vipindi, hubaki nyuma, na hofu huongezeka. Wengine huishia kumlipa mtu awachambulie data, wakatetea ripoti wasiyoielewa.

Kwa nini inatuhusu

Tuchukue mfano. Kaya tano zimechuma majani ya chai kilo 10, 12, 13, 15 na 50. Jumla ni kilo 100, hivyo wastani ni 20. Afisa anayeogopa namba ataandika "kila kaya inapata kilo 20" na kufunga faili. Anayeelewa atazipanga kwa mfuatano na kutazama iliyo katikati: ni 13. Kaya nne kati ya tano hazifikii wastani! Msaada ukipangwa kwa wastani ule, hao wanne watasahauliwa.

La kufanya

1. Mwanafunzi aanze na namba za nyumbani: mavuno, maji, ada. Kanuni zifuate baadaye.
2. Asome kidogo kila siku, pamoja na wenzake wawili au watatu. Haba na haba hujaza kibaba.
3. Aulize mapema. Kuuliza si ujinga.
4. Mwalimu aeleze kwa maneno maana ya jibu kabla ya kufungua kompyuta.
5. Mzazi asimwambie mtoto, hasa wa kike, kwamba "hesabu si za kwetu".

Hofu ikizidi hadi kijana hapati usingizi au hali chakula, asiachwe peke yake. Aonane na mshauri wa wanafunzi au mhudumu wa afya.

Nyuma ya kila namba kuna mtu. Tuwasaidie vijana wetu wasiogope kumhesabu.