Kidonda Kisichosikia Dawa



Katika vijiji vyetu kuna desturi moja tunayoijua sote. Mtu akijikata na panga, anafungua kapsuli na kumwaga ule unga kwenye kidonda. Kapsuli zenyewe zilinunuliwa mbili tatu tu, au zilibaki nyumbani mtoto alipopona kifua. Kidonda kikikauka juu, watu husema, "Dawa imeshika." Lakini mara nyingine usaha unarudi, na safari hii dawa ile ile haifanyi kazi. Kwa nini?

Bakteria na dawa

Puani na kwenye ngozi huishi bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mmoja wao huitwa stafilokokasi. Karibu mtu mmoja kati ya watatu anaye puani, na hana ugonjwa. Ngozi ikipasuka, ndipo anapoingia na kuleta uvimbe, majipu na usaha. Akipata mahali pazuri, bakteria mmoja huweza kuwa wawili kila dakika 20 hivi. Kwa mwendo huo, baada ya saa 8 watakuwa zaidi ya milioni 16!

Kati ya hao wote, wachache huweza kuwa na nguvu ya kuhimili dawa. Wafugaji wanalijua jambo hili. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ikizidishwa maji, kupe dhaifu hufa, lakini wagumu hubaki na kuzaana. Baadaye hata ukiweka kipimo sawa, hawaanguki. Ndivyo ilivyo kwa bakteria. Unga kidogo juu ya kidonda huua walio dhaifu na kuwaachia wale sugu nafasi yote.

Wengine husema, "Mwili wangu umezoea dawa." Hapana, si mwili uliozoea, ni bakteria. Ndiyo maana hata mtoto ambaye hajawahi kumeza dawa hiyo anaweza kupata bakteria sugu kwa mikono au taulo, na dawa ikashindwa tangu siku ya kwanza.

Onyo hili si geni. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel kwamba dawa kidogo isiyotosha huwafunza vijidudu kuishinda. Watafiti wanakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria sugu.

Basi tufanye nini?

1. Nawa mikono kwa sabuni. Bonyeza kidonda kwa kitambaa safi hadi damu isimame. Kisha kioshe kwa maji safi mengi na sabuni, toa mchanga wote, ufunike kwa kitambaa safi na kikavu. Badilisha kitambaa kila siku, au kikilowa. Vidonda vingi vidogo hupona hivyo bila dawa ya kuua bakteria.

2. Usiweke unga wa kapsuli, majivu, mafuta ya taa wala mavi ya ng'ombe. Mavi na udongo huweza kuleta pepopunda.

3. Usikamue jipu. Mara nyingi linahitaji kupasuliwa na mhudumu wa afya ili usaha utoke.

4. Nenda zahanati upesi kama uvimbe au joto linaenea, kuna homa, kidonda ni kirefu au kichafu, umeumwa na mbwa, au mgonjwa ana kisukari. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

5. Ukipewa dawa, fuata kipimo, saa na siku ulizoambiwa. Usimgawie jirani, wala usiweke akiba.

Kidonda kikikataa kupona, uliza kama hospitali inaweza kupima usaha. Maabara huotesha bakteria kwenye kisahani na kuweka juu yake vikaratasi vyenye dawa mbalimbali. Dawa inayowaweza huacha duara tupu kuzunguka kikaratasi chake. Hapo daktari hachagui dawa kwa kubahatisha.

Na pesa je?

Tunajua kwa nini watu hununua kapsuli mbili. Si ujinga, ni mfuko mtupu. Hapa ndipo kikundi kinapoweza kusaidia. Mkitenga kiasi kidogo kila mnapokutana, mtapata nauli ya mgonjwa na pesa za kununua dozi nzima. Yule Msamaria mwema hakuishia kufunga majeraha barabarani. Alimpeleka mgonjwa mahali pa kutunzwa, akalipa.

Maswali ya kujadili

- Nyumbani kwetu tuna dawa gani zilizobaki, na tumeziweka za nini?
- Mtu akijikata leo shambani, maji safi, sabuni na kitambaa viko wapi?
- Kikundi chetu kinaweza kuweka kiasi gani kwa ajili ya wagonjwa?

Tukumbuke: usipoziba ufa, utajenga ukuta.