Mjamzito na kahawa: Kafeini huondolewaje?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze, ili kupunguza hatari ya mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Wengi hukimbilia kahawa iliyoondolewa kafeini. Njia mojawapo hutumia kabonidayoksaidi, gesi tunayoitoa tukipumua. Ikizidi nyuzi joto 31 na kugandamizwa zaidi ya mara 73 ya hewa ya kawaida, haiwi gesi wala kimiminika. Chembe zake husongamana kama za kimiminika, zikayeyusha kafeini, lakini hupenya punje za buni kwa wepesi wa gesi.

Hata hivyo, kafeini kidogo hubaki. Mama, hesabu kila kikombe, pamoja na chai.