Kuhama Nyumbani Wakati wa Kutengana: Mwanandoa Afahamu Nini?

Ugomvi unapozidi ndani ya nyumba, wazazi au wasimamizi wa ndoa huweza kumshauri mmoja wa wanandoa akae kando kwa muda ili mioyo itulie. Hapo huzuka swali linalowahangaisha waamini wengi: je, nikitoka, nitahesabiwa nimeikimbia ndoa na kupoteza nyumba, watoto na haki zangu? Tutazame Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, pamoja na mafundisho ya Kanisa.

Kwanza, kuhama hakuvunji ndoa. Sheria hairuhusu mahakama kumlazimisha mwanandoa kuishi na mwenzake. Aliyeachwa anaweza kulipeleka shauri lake kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Aidha, sheria inatambua makubaliano ya wanandoa kuishi mbalimbali. Anayeondoka kwa makubaliano, au kwa kukimbia kipigo, hafanani na anayemtelekeza mwenzake kwa makusudi.

Hata hivyo, muda una uzito wake. Utelekezaji wa makusudi uliodumu angalau miaka 3 unaweza kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Na utengano wa hiari uliofikia miaka hiyo 3 unaweza kutumika vivyo hivyo. Kwa hiyo, utengano uliokusudiwa kuponya ndoa, ukiachwa bila kikomo, unaweza kugeuka ushahidi wa kuivunja.

Kuhusu nyumba ya familia, mwenye hati haruhusiwi kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Ulinzi huo haukomi kwa sababu tu mmoja amehamia kwa wazazi wake, naye anaweza kuulinda kwa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Mahakama inapogawa mali iliyochumwa pamoja, huangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani nazo huhesabiwa kuwa mchango.

Kwa watoto, kinachotangulia ni ustawi wao. Sheria hudhani kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Baba hubaki na wajibu wa kuwatunza wanawe, hata wakiwa wanalelewa na mtu mwingine.

Mama Kanisa naye ana neno. Kanuni ya 1151 ya Sheria za Kanisa inawataka wanandoa kudumisha maisha ya pamoja, isipokuwa kuna sababu halali. Kanuni ya 1153 inamruhusu aliye katika hatari kubwa ya mwili au roho, yeye au watoto wake, kuondoka kwa idhini ya Askofu, au kwa uamuzi wake mwenyewe ikiwa kuchelewa kuna hatari. Sababu ikikoma, maisha ya pamoja yarejeshwe, isipokuwa mamlaka ya Kanisa imeamua vingine. Wakati wote huo wanabaki mume na mke. Hakuna aliye huru kufunga ndoa nyingine. Kutengana peke yake hakumzuii mwamini kupokea Ekaristi Takatifu.

Basi, anayelazimika kuhama asiondoke kimyakimya usiku, isipokuwa usalama wake unadai hivyo. Wanandoa waandike makubaliano: sababu ya kutengana, tarehe ya kukutana tena, watoto watakaa na nani, na nani atalipa ada na chakula. Wabaki na nakala za cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na hati za mali. Wamwone Paroko mapema, na mwanasheria kabla ya kutia saini jambo lolote zito. Wakifanya hivyo, mlango wa kurudi nyumbani utabaki wazi.