Goti Jipya Peke Yake Halipunguzi Uzito: Msaada kwa Wagonjwa Baada ya Upasuaji

Mgonjwa anaporudi nyumbani na goti bandia, jamaa hufurahi kwamba maumivu ya miaka mingi yamekwisha. Wengi pia hutarajia kwamba, kwa kuwa sasa ataweza kutembea, uzito utapungua wenyewe. Kwa wagonjwa wengi hilo halitokei, na wapo wanaozidi kunenepa. Makala haya yanaeleza sababu, na msaada ambao mgonjwa na familia yake wanaweza kuutafuta hapa kisiwani.

Goti hubadilishwa, mazoea hubaki

Katika upasuaji huu, daktari huondoa sehemu za mfupa zilizolika na kuweka chuma na plastiki maalum mahali pake. Lakini mtu aliyeumwa na goti kwa miaka amekwisha zoea kukaa. Marikiti hutumwa mtoto, ngazi za nyumba hupandwa mara moja kwa siku, na hata kwa jirani huendwa kwa tuktuk. Chakula nacho hubaki kilekile. Maumivu yakiondoka, mazoea hayo hayaondoki nayo.

Uzito una maana gani kwa goti?

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005, kwa watu wazito wenye magoti yaliyolika, ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua huondoa takriban kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Mgonjwa akipunguza kilo 5, goti hupumzishwa takriban kilo 20 kila anapokanyaga. Hili ni muhimu hasa kwa goti la pili, ambalo mara nyingi nalo limeanza kuuma. Kupunguza uzito pia husaidia kudhibiti kisukari na shinikizo la damu.

Kujua uzito wako ukoje, gawanya kilo zako kwa kimo chako kwa mita, kisha gawanya jibu tena kwa kimo hicho. Mtu wa kilo 90 mwenye kimo cha mita 1.58 hupata 36. Jibu la 25 kwenda juu ni uzito uliozidi. 30 kwenda juu ni unene wa kupindukia.

Wiki sita za kwanza: usijinyime

Kidonda kinahitaji chakula ili kipone. Wakati huu si wa kushinda na njaa. Kula samaki, mayai, maharagwe, mbaazi au kuku kila siku, pamoja na mboga na matunda, na unywe maji ya kutosha. Punguza sukari na vya kukaangwa tu.

Baada ya hapo, weka lengo dogo. Kwa mtu wa kilo 90, kupunguza kilo 4.5 hadi 9 kwa muda wa miezi sita ni mafanikio makubwa. Nusu kilo kwa wiki yatosha.

Anza na chai

Mtu anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, amekula vijiko 12, yaani takriban gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 za sukari kwa siku kutoka vyakula na vinywaji vyote, na ikiwezekana zisizidi 25. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea.

Kisha angalia mafuta. Kijiko kikubwa kimoja kina takriban kalori 120. Huna haja ya kuacha chakula cha Pwani. Mbaazi zipikwe kwa tui jepesi, samaki achomwe badala ya kukaangwa, na mahamri, viazi karai na bajia viwe vya siku moja moja. Nusu ya sahani iwe mboga kama mchicha au mabenda, robo iwe wali au sima, na robo iwe samaki, nyama au maharagwe.

Kutembea Mji wa Kale

Fuata ratiba ya mtaalamu wa fiziotherapia. Toka asubuhi mapema au baada ya Alasiri, jua likipungua. Anza kwa dakika tano, ukiongeza kidogo kidogo. Baraza za nje ya nyumba zinakufaa kupumzikia. Kwenye ngazi, shika kitu imara: ukipanda, tanguliza mguu mzima; ukishuka, tanguliza mguu uliopasuliwa.

Familia ina kazi yake

Kumkirimu mgonjwa ni desturi yetu. Wageni wanaokuja na halwa na kaimati wanaweza kuja na matunda. Nyumbani, wote wale chakula kilekile, asitengewe mgonjwa sahani ya peke yake kama adhabu. Na asichekwe kwa unene wake. Anayeonewa haya hujificha na kuacha matibabu.

Tahadhari

Anayetumia insulini au dawa za kisukari azungumze na daktari kabla ya kubadilisha chakula au kufunga Ramadhani. Usinunue dawa au sindano za kupunguza uzito bila maagizo ya daktari.

Nenda hospitali mara moja ukiona kigimbi kimevimba na kuuma, kifua kinauma au pumzi inakatika, kidonda kinatoa usaha, au una homa.

Pa kupata msaada

Ukirudi kliniki ya mifupa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, au popote ulipofanyiwa upasuaji, omba kuonana na mtaalamu wa lishe pamoja na wa fiziotherapia. Kwa kupimwa uzito, sukari na shinikizo la damu, fika kituo cha afya cha umma kilicho karibu nawe, au zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Kama bado hujajisajili na SHA, piga *147#.