Dawa za kifafa: muone daktari kabla ya kupata mimba

Msichana alianzishiwa dawa ya kifafa akiwa darasa la sita. Leo ana miaka 24, ameolewa, na kila mwezi hushuka River Road kununua dawa ile ile, kwa kipimo kile kile. Hajapatwa na kifafa kwa muda mrefu, kwa hivyo haoni haja ya kumrudia daktari. Lakini mwili wake si ule wa darasa la sita. Sasa anaweza kupata mimba, na hapo dawa inayomfaa yeye huenda isimfae mtoto.

Dawa inayohitaji tahadhari kubwa

Dawa hiyo ni valproeti, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Epilim. Inazuia kifafa vizuri. Hata hivyo, kati ya watoto 100 ambao mama zao waliitumia wakiwa wajawazito, takriban 10 huzaliwa na kasoro kama vile mgongo wazi, mdomo sungura au matatizo ya moyo. Kwa kawaida kasoro za aina hii hupatikana kwa watoto 2 au 3 kati ya 100. Aidha, watoto 30 hadi 40 kati ya hao 100 huweza kuchelewa kutembea, kuongea au kujifunza.

Uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika wiki nne za kwanza, wakati mama wengi bado hawajui kwamba ni wajawazito. Ndiyo sababu kusubiri hadi kliniki ya wajawazito ni kuchelewa.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba valproeti isitumiwe kwa wasichana na wanawake walio na uwezo wa kuzaa. Zipo dawa nyingine, zikiwemo lamotrijini na levetirasetamu, ambazo hatari yake kwa mtoto ni ndogo zaidi.

Usiache dawa ghafla

Ukisoma haya, usitupe dawa zako, hata kama tayari una mimba. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, ambacho huweza kumuua mama na mtoto. Dawa hubadilishwa polepole, kwa wiki au miezi, chini ya uangalizi wa daktari. Endelea kumeza dawa na umuone daktari haraka.

Uzazi wa mpango

Kabamazepini (Tegretol), fenitoini na fenobabitoni hupunguza nguvu ya tembe za kupanga uzazi na vijiti vya mkononi. Unaweza kushika mimba ukidhani umejikinga. Sindano ya miezi mitatu na koili ya shaba haziathiriwi na dawa hizi. Nazo tembe zenye estrojeni hupunguza nguvu ya lamotrijini, hivyo kifafa kinaweza kurudi. Mwambie muuguzi jina la dawa yako kabla ya kuchagua njia.

Ufanye nini?

• Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, kama vile Westlands, Kangemi, Riruta au Waithaka. Ikihitajika, omba barua ya kwenda hospitali kubwa.
• Beba pakiti ya dawa unayotumia.
• Sema wazi: "Ninaweza kupata mimba. Je, dawa hii inanifaa?"
• Uliza kuhusu asidi ya foliki, ambayo huanzwa kabla ya mimba.
• Dukani, mwonyeshe mfamasia karatasi ya daktari ya hivi karibuni. Usikubali kubadilishiwa dawa kwa sababu tu ile yako imeisha.

Mzazi mwenye binti anayetumia dawa ya kifafa, usingoje aolewe. Uliza swali hili mara anapovunja ungo.

Wanawake wengi wenye kifafa hupata watoto wenye afya, na wengi wao hunyonyesha huku wakiendelea na dawa. Muhimu ni mipango ianze mapema.